Kama Yalivyotumika

Mwalimu Shekalaghe hakutaka kamusi.
Alizikusanya zote tano, akazifungia kabatini
pamoja na chaki na fagio.
"Neno ni mgeni," alisema. "Usimuulize kabila.
Tazama kakaa na nani, anakula nini."

Kitabu kilikuwa kimoja, sisi arobaini na saba.
Bibi mmoja wa Kiyahudi, wa huko Ulaya, aliandika uzeeni
yaliyompata akiwa na miaka kumi na minne,
umri wa Mwanshehe, aliyekuwa akitusomea
huku jasho likimtoka juu ya mdomo
na feni ikizunguka bila kupepea.

Behewa tulilikisia upesi.
Yapo pale stesheni, yameota kutu, mbuzi hulala ndani.
"Sasa someni sentensi nzima."
Watu themanini. Ndoo moja. Siku tatu.
Sefu, asiyenyamaza, akanyamaza.

Posho: kipande cha mkate, basi.
Alikikata mara nne. Cha sasa, cha baadaye, cha dada yake,
na kimoja cha kushika tu mfukoni.

Kisha, kuchaguliwa.
Vidole vikapaa. Hili tulikuwa nalo nyumbani!
Dada yake Mwanshehe kachaguliwa kidato cha tano, Korogwe;
walipika pilau, wakaazima sufuria hadi Barabara ya Nane.
"Ni heri, mwalimu!"
"Soma mstari unaofuata."
Mama yangu alichaguliwa kwenda kushoto.
Hapo palikuwa na nukta,
na baada ya nukta bibi yule alianza habari ya viatu.

"Nani aliyechagua?" mwalimu akauliza.
Tukatafuta juu, tukatafuta chini.
Kitenzi kilikuwa cha kutendwa. Mtenda hayumo.
"Andikeni hivyo," alisema. "Hiyo nayo ni maana."

Neno la mwisho lilikuwa namba, na tulicheka.
Sisi wa Ngamiani tunakaa ndani ya namba:
kwetu ni Barabara ya Kumi na Tano,
mchumba wa kaka yuko ya Ishirini.
Yeye yake aliandikwa mkononi, kwa sindano,
na jina lake wakaacha kuliita.

Nikarudi nyumbani na sentensi ile mdomoni kama kokwa.
Baba alikuwa ameifungua redio, skrubu zote kwenye kisahani.
Nikamsomea, nikitafsiri kwa kukwama.
Hakujibu. Akavuta chini ya kitanda bati la biskuti
na ndani yake kipande cha babu:
kadi ya shamba la mkonge, visanduku thelathini,
kila siku ya kazi na kisanduku chake,
na juu kabisa tarakimu nne, wino umegeuka kahawia.
Alitoka Njombe kwa lori akiwa Lutangilo Nyagawa.
Aliposhuka Muheza alikuwa manamba,
neno nililolitumia uwanjani kama tusi
kwa yeyote mwenye kaptula iliyochanika.

"Kwa hiyo ni sawasawa, baba?"
"Si sawa. Babu yako jioni alirudi. Alioa. Alilewa.
Ukiona majina yanafanana usiseme ni mapacha.
Bibi wa watu usimpokonye maiti zake."
Akalifunga bati, kifuniko kikagoma, akakipiga ngumi.
"Lakini neno umeshaliokota. Usilitupe."

Mtihani ulikuja Novemba.
Eleza maana ya maneno yafuatayo
kama yalivyotumika katika kifungu.
Namba: alama mbili, mistari miwili.
Niliandika, tazama nyuma,
nikaigeuza karatasi, nikaandika mpaka kengele:
jina la bibi, jina la dada aliyekatiwa mkate,
la mama, ambalo hakulitaja hadi ukurasa wa mwisho,
na chini yao, nikiwa nimeruka mstari mmoja kwa adabu,
Lutangilo Nyagawa.

Mwalimu alinipa moja na nusu.
Nusu, aliandika kwa kalamu nyekundu,
imekatwa kwa kutoka nje ya kifungu.